Mzee Emuria na Mayowe Yanayochosha Askari wa Mwili

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1998, Mzee Emuria wa maabara anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi: kwanza Lodwar, na tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe, hapa Kakuma.

Kule Lodwar, ukipimwa malaria ilikuwa lazima uchungulie kwenye darubini umwone adui yako mwenyewe. Kakuma alikuta adui ambaye hata darubini yake haimwoni.

Wengi tunakumbuka mwaka wa tisini na sita. Nyaruach, mama wa mtoto mmoja (yeye mwenyewe amesema aandikwe), alikuwa na virusi vya ukimwi na kifua kikuu pia. Alipopata nafuu kidogo, akaacha dawa za kifua. Mzee akamweleza kwamba virusi vina vipande vya protini vinavyoamsha askari wa mwili bure mpaka wachoke, na ndani ya askari aliyeamka ndimo virusi huzaana vizuri. Nyaruach akaitikia kwa adabu tu, akafunga kanga aende zake.

Basi mzee akatoka nje, akapiga mayowe yale ya mifugo imechukuliwa na ngoroko, majambazi wa mifugo. Jamani! Wanaume walikuja mbio na fimbo, mwingine na kiatu kimoja.

"Ngoroko wako wapi?"

"Wako kwa damu."

"Wee Emuria! Umetukimbiza na jua hii yote sababu ya damu?"

Akawapa maji. Wakiwa bado wanahema kivulini, akapiga tena. Hakuna aliyeinuka.

"Unaona, binti yangu?" akamwambia Nyaruach, aliyekuwa bado mlangoni. "Ngoroko wa kweli akija sasa, nani atatoka?"

Nyaruach akawatazama wale wanaume wamelala chali. "Na hii kifua yangu, nayo inapiga mayowe?"

"Kila siku. Virusi sina dawa yake. Kifua ninayo. Tunyamazishe hiyo."

Nyaruach akarudi kwa dawa, akamaliza zote. Wazee walimkaripia Emuria, na ilikuwa haki, mayowe si mchezo. Akachinja mbuzi, wakala, yakaisha.

Virusi bado viko, na mzee hajawahi kumdanganya mtu juu ya hilo. Lakini kila asubuhi Nyaruach anampeleka mtoto wake nasari kwa miguu yake mwenyewe, akimwimbia njiani. Sisi tunaolea watoto tunajua hiyo ni kitu gani.

Asante, mzee wetu. Uende salama nyumbani Lokori, mbuzi wako wazae pacha, na miaka yako iwe mingi yenye afya. Nyaruach ameomba awe wa kwanza kukushika mkono.