Mawe Meupe ya Nashon Opiyo

Tarehe 30 Juni 2009, baada ya miaka kumi na saba na ushee katika kiwanda chetu cha magodoro hapa Kitengela, Bwana Nashon Opiyo, afisa wetu wa usalama wa moto, atarudisha funguo na kwenda nyumbani. Wengi wetu tutashusha pumzi. Halafu tutaanza kumkosa.

Alianza kazi Februari 1992 kama karani wa stoo. Kati ya stoo ya sponji na chumba cha ushonaji palikuwa, na bado papo, mlango mzito wa chuma unaojifunga wenyewe. Kazi yake ni moja: stoo ikishika moto, moshi usiwafikie washonaji. Lakini anayeijua Kitengela anajua jua la mchana juu ya mabati. Mlango ukifungwa, washonaji wanaiva. Basi kila asubuhi mtu aliokota jiwe nje na kuliweka mlangoni ubaki wazi, upepo upite. Ilikuwa desturi, na hakuna aliyeiona kuwa kosa.

Machi 1994, cheche za fundi wa kuchomelea ziliangukia vipande vya sponji ndani ya stoo. Siku hiyo jiwe lilikuwa la Nashon mwenyewe, kwa sababu alikuwa na mikokoteni mingi ya kupitisha. Moshi mweusi uliingia kwa washonaji kabla mtu hajaona mwali. Wote walitoka, ila Tabitha Mbithi alitoka wa mwisho, na kifua chake hakikupona. Hakurudi kwenye cherehani. Mpaka leo anaishi Kajiado mjini, na akipanda ngazi tatu anapumzika.

Hakuna aliyeuliza jiwe lilikuwa la nani. Nashon alikwenda mwenyewe kwa meneja, akasema ni lake. Alitarajia kufutwa. Hakufutwa, na hapo hapo akaomba apelekwe akasomee moto.

Alirudi na somo ambalo kila mmoja wetu amelisikia hadi kulichoka. Moto unataka vitu vitatu: joto, kitu cha kuungua na hewa. Unyime kimoja, umekwisha. Kisemei, mlinzi wa geti anayetoka Isinya, alimwambia kwamba wafugaji wanalijua hilo bila kwenda kozi: nyasi zikiwaka hushindani na moto, unaupita mbele na kufyeka nyasi ukose cha kula. Nashon alifurahi sana. Kuanzia wiki hiyo vipande vya sponji vilifagiwa mara tatu kwa siku, na anayelalamika alitumwa kwa Kisemei akaelezwe upya.

Kule kantini, mafuta ya mandazi yaliposhika moto mwaka 1998, mpishi wetu Nyakio alikimbilia ndoo ya maji. Nashon alimpokonya ndoo, akazima jiko, akafunika sufuria kwa mfuniko na kusimama pale dakika ishirini bila kumruhusu mtu kufunua. Maji kwenye mafuta yanayowaka yangewarukia wote wawili usoni. Nyakio alimnunia wiki nzima kwa sababu ya mandazi. Leo mfuniko ule umetundikwa karibu na jiko, na ole wake anayeuhamisha.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya mawe. Tulikuwa tukiyaweka, naye akiyatoa. Hakugombana na mtu. Alibandika tu karatasi mlangoni, kwa mwandiko wake: HII JIWE NI YA NANI? KUJA TUONGEE. Hakuna aliyekwenda. Kila jiwe alilipaka rangi nyeupe na kulipanga uwanjani, pale tunapokusanyika kengele ikilia. Duara lile mnalolipita kila siku, lenye mawe mia moja na kumi na saba, ni ukaidi wetu wenyewe.

Agosti 2004 stoo iliwaka tena, safari hii kwa hitilafu ya waya. Mlango ulikuwa umefungwa. Upande wa stoo rangi yote iliungua. Upande wetu, watu arobaini na watatu tulisimama, tukazima cherehani na kutoka kwa miguu, bila hata kukohoa. Nashon alituhesabu ndani ya duara, akatuhesabu tena, kisha akaketi juu ya jiwe mojawapo na kulia mbele yetu sote. Kesho yake alipanda basi kwenda Kajiado kumweleza Tabitha.

Sasa niseme langu. Jiwe la mia moja na kumi na saba ni langu. Ilikuwa Januari mwaka huu, joto limenizidi, na nilikuwa ndani ya chumba kile mwaka 2004, kwa hiyo sina cha kujitetea. Nashon alinikuta nikilisukuma kwa mguu. Hakunikaripia. Jumamosi alinichukua hadi kwa Tabitha, ambaye alitupikia chai na kuketi mara mbili kabla haijachemka. Hakunihubiria. Sijaweka jiwe tena, na nimeona aibu ya kutosha kuliandika hapa.

Tulipomuuliza Nashon anataka zawadi gani, wengine wakitaja kiti na wengine ng'ombe, alisema anataka sherehe ifanyike katika chumba cha ushonaji, saa saba mchana, mlango ukiwa umefungwa. Uongozi umekubali. Itakuwa joto kweli kweli, kwa hivyo njooni na maji ya kunywa na mvumilie.

Bwana Nashon, asante kwa miaka yote uliyotukera. Nenda ukapumzike, upate afya na siku ndefu zenye moto wa jikoni tu. Tabitha ameahidi kuja. Yeye ndiye atakayeingia wa mwisho, na yeye ndiye atakayeufunga mlango.

Caroline Nasike, Idara ya Ushonaji