Slabu Nusu, Wataalamu Watatu

Hivi wewe, zege likishamwagwa nusu linaweza kusubiri watu wamalize kubishana? Usinijibu. Benchi letu lilishajibu: linaweza, mradi wanaobishana ni wataalamu. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, mbele ya kibanda cha vocha, na hatua kumi na mbili ng'ambo ya barabara ndipo Mama Cherehani anapojenga. Miaka tisa ameshona sare za watoto wa wenzake ili siku moja azifunike kuta zake kwa slabu, na siku yenyewe ilikuwa jana. Saa mbili asubuhi vibarua wakaanza. Saa nne, slabu ikiwa nusu, wakashuka kunywa chai. Waliporudi, injini ya petroli inayozungusha pipa la zege ikawa na tabia mpya: pipa likiwa tupu inakwenda kwa adabu, likitiwa kokoto na saruji inakohoa mara tatu na kuzimika. Fundi mkuu akasema ile nusu ikishika kabla ya nusu ya pili kufika, patabaki ufa, na kila mvua itapita hapohapo hadi kitandani kwa mwenye nyumba. Vibarua wakashika makoleo kukoroga zege kwa mkono. Benchi likaagiza kahawa.

Wa kwanza kutoa uchunguzi alikuwa Injinia, ambaye anauza vocha na anavaa kofia ngumu ya ujenzi hata akienda kunyolewa.

— Kabureta hiyo. Injini ina haya.

— Haya ya nini? akauliza Shemeji. Ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Cherehani, ila mtaa mzima tunamwita Shemeji kana kwamba ametuoa wote.

— Inaona pipa limejaa, inaogopa kuomba petroli. Mtu mwenye haya humpimii chakula, unampakulia.

Akavuka na bisibisi, akaifungua skrubu ya kabureta mizunguko miwili mizima. Kibarua akavuta kamba. Injini ikawaka, ikatema moshi mweusi uliofunika shuka tatu za jirani zilizokuwa kambani, ikazimika.

— Mmeona? Imepumua!

— Imepumua au imekata roho? akauliza Jaji.

Huyu Jaji alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini. Amebeba mafaili mengi kiasi kwamba anaamini mengine aliyaandika yeye. Tangu asubuhi alikuwa akitusimulia kesi ya mbuzi aliyekula hati ya shamba, na baada ya chai ndipo alipoimaliza, kwa ushahidi wote.

— Nyie hamjui, akasema Shemeji. Tatizo ni choki. Hewa inaingia nyingi, injini inavimba tumbo. Izibwe.

Sasa, choki ni kibati kinachobana mlango wa hewa ili injini baridi ikubali kuwaka. Ikishapata moto, unakifungua. Ile injini ilikuwa ya moto kiasi cha kukaangia yai. Shemeji akavuka, akaifunga choki, akarudi akipangusa mikono kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Kamba ikavutwa mara moja, mbili, mpaka ya tisa. Injini haikuguna hata kuguna.

— Imetulia, akasema Shemeji.

— Maiti nayo hutulia, akasema Injinia.

— Wewe si ndiye uliyeishindilia petroli mpaka ikapaliwa?

— Tusitukanane mbele ya injini, Jaji akaingilia. Mimi naitazama kihistoria. Hii mashine ilinunuliwa imetumika. Huko ilikotoka ilikuwa inavuta maji. Imezoea maji! Leo mnaipa kokoto bila hata kuitaarifu. Inakata rufaa.

— Kwa nani?

— Hilo ndilo swali la kisheria.

— Na gavana je? akauliza Injinia. Kile kimkono chenye springi pembeni ya kabureta. Si ndicho kinachoongeza moto injini ikielemewa?

— Gavana haihusiki, akasema Jaji.

— Hujaitazama.

— Haihusiki nimesema! Ongeza kahawa hapa.

Ndipo akaja Mama Cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, saruji mpaka magotini. Alikuwa ameshika koleo na wanaume.

— Jamani, ile nusu imeanza kuwa ngumu. Nimeibonyeza kwa kidole haibonyei. Mmefikia wapi?

— Tunaendelea na upelelezi, mama, akasema Jaji.

— Shemeji yangu, na wewe?

Shemeji akainua kikombe kuagiza kahawa nyingine.

— Miaka tisa, akasema Mama Cherehani. Hakulia. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha kiuno, akageuka kurudi kwenye koleo lake.

Wakati huohuo boza la maji likaingia, safari ya pili ya kuleta maji. Dereva wake ni dada mmoja mnene, mchache wa maneno. Akashuka, akatusalimia, tukaitikia.

— Wazee wangu, akasema, saa tatu nilipoleta maji hapa niliwaamkia kwa kupunga mkono, maana hamkunisikia kwa kelele za ile mashine. Niliporudi baada ya chai kufuata mpira wangu wa maji niliousahau, ilikuwa inawaka, na nikamsikia mzee Jaji toka kule kona akieleza habari za mbuzi. Nani aliipunguza sauti?

Injinia akavua kofia, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Dada wa boza hakungoja. Akavuka, akainama kwenye gavana. Ule mkono una matundu manne. La nne limesuguliwa na springi mpaka linang'aa. Springi ilikuwa imening'inia kwenye la pili, lenye kutu, imelegea kama mshipi wa suruali ya mtu aliyekonda. Hapo injini inapunguza sauti, ila haipati nguvu ya kusukuma hata kikapu. Akairudisha tundu la nne, akafungua choki ya Shemeji, akakaza skrubu ya Injinia mizunguko miwili, akaifuta plagi kwa kanga yake. Akavuta kamba.

Injini ikanguruma, vikombe vikatetemeka benchini. Wakatia kokoto: haikukohoa. Pipa likazunguka, zege likamiminwa, vibarua wakapanda na ndoo mbiombio. Mama Cherehani, aliyekuwa ameyasikia maneno ya dada wa boza, akavuka barabara, akasimama mbele ya Jaji na koleo lake. Jaji midomo ikacheza.

— Unasemaje? akapaza sauti Mama Cherehani. Sikusikii!

Midomo ikacheza tena.

— Paza sauti, mzee! Mashine inanguruma!

Jaji akasimama, akakinga viganja mdomoni, akapiga ukelele uliofika mpaka juu ya slabu, vibarua wakasimama na ndoo zao:

— Ni mimi! Niliihamisha ile springi mlipokwenda kunywa chai! Shahidi wa pili wa kesi ya mbuzi alikuwa bado hajasema!