Mfupa wa Mguuni Ulionijengea Taya

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi wa kule nyuma, asifiwe! Mimi ni Mama Neema, muuza mitumba wa hapa Sumbawanga. Wengi mlinifahamu nikitembea kwa magongo.

Ndugu zangu, goti langu la kulia liliharibika kabisa. Madaktari Dar es Salaam wakaniwekea la chuma. Nikapona! Nikarudi kuzungukia minada, Kaengesa mpaka Ilemba.

Kumbe jaribu lilikuwa njiani. Taya likavimba, nikawa mtu wa uji tu. Majirani wakasema nimerogwa. Nikaenda hospitali, vipimo vikaonyesha si saratani, ila uvimbe unakula mfupa. "Upande huu wa taya tutaukata," daktari akasema, "kisha tuchukue mfupa mguuni tukujengee taya."

Nililia, ndugu zangu! Mguu ambao Mungu ameuinua, waukate tena? Mume wangu akakataa. "Mama Neema, bora sura iharibike kuliko urudi kwenye magongo."

Nikaomba siku tatu. Mungu hakuniambia nikimbie. Alinipa ujasiri wa kuuliza! Nikarudi na mume wangu. "Dokta, usinifiche. Nitatembea?"

Akanishika mguu wa kushoto. "Mama, upande wa goti la chuma hatugusi. Tutachukua huku, mfupa ule mwembamba wa nje. Mnene unaobeba uzito unabaki. Ila kwanza tupime mishipa ya damu. Isiporidhisha, hatuchukui." Akaongeza kwamba maumivu yatakuwepo, kifundo kinaweza kukaza, na vijidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kufika hata kwenye chuma, hivyo dawa nimeze zote.

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndiyo maana nilimwamini. Vipimo vikawa vizuri. Mume wangu akauliza, "Nisaini wapi?"

Haleluya! Baada ya upasuaji magongo niliyashika wiki chache tu. Asubuhi za baridi yetu hii kifundo hukaza, siwezi kusema uongo mbele za Mungu. Lakini nimekuja kwa miguu! Na juzi nimekula ugali na samaki wa Kipili, nikitafuna mwenyewe.

Asante Yesu! Asante kwa mikono ya wale madaktari! Nawe uliyeketi hapa na uvimbe, unaogopa kisu, mtumaini Bwana, na maswali yako yote mpelekee daktari. Ukiogopa kwenda peke yako, nifuate baada ya ibada. Kesho asubuhi tutakwenda wote.