Dada Sikio, Aliyewasikiliza Waliosimama Peke Yao

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mmekuja wengi kuliko viti tulivyoazima, na kwa hilo familia inatanguliza shukrani kabla ya neno lingine lolote. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi wa redio na gramafoni, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye kazini mlimwita Dada Sikio, na sauti ikinikatika mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa mhudumu wa chumba cha chakula hotelini na mama yetu akiwa mshonaji. Mwaka 1956 hoteli ilinunua mashine mpya ya muziki, meneja akaamuru santuri za zamani zitupwe, baba akaziomba, akazileta nyumbani zimeviringishwa kwenye kitambaa cha meza, pamoja na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Nyingi zilikuwa za bendi kubwa za jazi za miaka ya thelathini na arobaini, zile za watu kumi na tano wanaopiga kama mtu mmoja, halafu ghafla mmoja wao anainuka, anasema yake kidogo, anaketi. Dada, akiwa na miaka minane, aliweka kijiko chini na kuuliza, "Baba, huyu anayelia hapa katikati ni nani?" Baba akasoma karatasi ya santuri, akaona jina la kiongozi tu, akamjibu, "Ni bendi hiyo, mwanangu." Dada akakataa katakata, "Hapana, baba, huyu ni mtu, nimemsikia akivuta pumzi."

Kwa kuwa majina yao hayakuandikwa, aliwapa ya kwake, mpiga saksafoni aliyechelewa kuingia akawa Mvivu, mpiga tarumbeta aliyeziba mdomo wa chombo chake akawa Mzee wa Kikohozi, mwenye klarineti akawa Bibi Harusi, nasi wadogo zake tulikua tukiwafahamu watu hao kama wajomba na shangazi wanaoishi ndani ya kasha la gramafoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akaendelea na sekondari hadi 1965, na baada ya mafunzo aliajiriwa tarehe 3 Januari 1968 kuwa opereta katika ofisi ya simu, ghorofa ya pili, kwenye kile chumba chenye ubao mrefu wa kuunganishia nyaya, ambako aliwatambua wateja kabla hawajasema haloo, na ndiko alikopata jina lake.

Mwezi Desemba 1970, katika sherehe ya wafanyakazi, mpiga saksafoni mkuu wa bendi aliugua, na kijana wa safu ya nyuma, ambaye mchana alikuwa seremala, akasukumwa mbele apige peke yake. Ukumbi mzima uliendelea kula, isipokuwa Dada, ambaye baadaye alimfuata na kumwambia, "Uliingia vibaya, kama mtu aliyekosea nyumba, lakini ulivyotoka, kaka, nilisahau sahani yangu." Kijana huyo, ambaye ndiye shemeji yetu, anasema kwamba wengi walikuwa wamewahi kumpigia makofi, ila huyo ndiye wa kwanza aliyemsikia. Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1971, Mungu akawajalia mabinti wawili, waliozaliwa mwaka 1973 na 1976, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1979, na leo wameacha wazo la kulia kimya kimya, mnawaona.

Mwezi Machi 1984 shemeji alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akavunjika taya na meno ya mbele, na ingawa alipona, hakuweza tena kuubana mdomo wa saksafoni. Dada alifunika gramafoni kwa shuka, akasema sindano imeharibika, na kwa karibu miaka miwili nyumba yao haikusikia muziki. Mimi najua ilivyomgharimu, kwa sababu saa ya chakula cha mchana alikuwa akija kibandani kwangu, anaketi juu ya kreti na kusikiliza santuri moja tu, kisha ananionya, "Mdogo wangu, shemeji yako asijue, ataumia."

Siku moja ya mwaka 1986 shemeji alileta redio yake itengenezwe, akamkuta mkewe amefumba macho, chakula kimepoa mapajani. Nilidhani nyumba imevunjika. Shemeji alisimama mlangoni hadi Mvivu alipomaliza, akasema, "Kumbe sindano ni nzima." Dada akaanza kujieleza, shemeji akamkatiza, "Kinachoniumiza ni nyumba kuwa kimya kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu. Fundi, hebu rudisha." Akaketi karibu naye, machozi yakamtoka bila kuyaficha, kisha akamwambia jambo ambalo Dada hakuwahi kulijua, kwamba Mvivu hakuwa mvivu hata kidogo, alikuwa anampisha mpiga piano amalize sentensi yake. Dada alicheka hadi wateja wangu wakachungulia, na jioni ile ile shuka liliondolewa.

Tangu hapo sebule yao ilikuwa wazi kila Jumamosi mchana kwa yeyote mwenye nafasi, kwa sharti moja, usiongee mpigaji akiwa amesimama kupiga peke yake. Alistaafu mwaka 2003, na mwaka 2016 mjukuu wake wa kwanza alipomtafutia kwenye mtandao jina halisi la Mvivu, alilitamka polepole, akaongeza kana kwamba Mvivu anamsikia, "Asante, baba, umetulea," kisha akaomba chai.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, alituaga hospitalini akiwa na mumewe na watoto wote, ameacha wajukuu sita.

Tunawashukuru madaktari waliotueleza ukweli kwa upole, wauguzi walioruhusu redio ndogo kando ya mto wa kitanda chake, majirani waliovumilia tarumbeta kwa miaka yote hiyo na hata kutuma watoto waulize santuri ya leo ni ipi, na waliokuwa maopereta wenzake, ambao mmekuja na fimbo zenu na kuketi safu moja.

Jana nilimsomea shemeji maelezo haya, nikamuuliza kama kuna nililosahau, akafikiri, akajibu, "Tarehe zote ziko sawa, ila hukuwaambia kwamba alikuwa anakoroma, na sasa sijui nitalalaje." Basi nimewaambia. Dada yetu mpendwa, Mwenyezi Mungu akupokee, akupumzishe kwa amani.