Lango la Chuma Latimiza Miaka Arobaini

Benchi la nje ya kibanda cha Ndolo, hapa Machakos karibu na Marikiti, ukilikalia saa nne asubuhi na akili zako timamu, saa sita utaondoka una shaka kama kweli wewe ni mtoto wa mama yako. Ndolo mwenyewe ni fundi wa viatu na jina lake la benchi ni Wahenga, kwa sababu hasemi neno bila kulipachika methali, na methali zenyewe huzipachika kama soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Titus Muthoka, muuza mbolea, ni Mwenyekiti, ingawa hakuna anayekumbuka kumchagua. Wa tatu ni Musau, ambaye siku hizi hana kazi ila kustaafu, na jina lake ni Kaseti. Wote walikulia kijiji kimoja kule Yatta, karibu na Kithimani, na Musau alipewa jina hilo kwa sababu anaweza kukusimulia mchezo wa zamani wa runinga, Lango la Chuma, tangu siku ulipoanza mpaka ulipokwisha, na sauti za watu wote akaziiga. Kamanthe huwauzia kahawa ya tangawizi na huwaomba jambo moja tu, wasigombane karibu na birika lake.

Asubuhi hiyo Titus alikuwa ameishika simu mbali na macho, akisoma polepole.

— Sikizeni. Lango la Chuma imefikisha miaka arobaini. Jumapili hii wanaonyesha ile ya kwanza kabisa. Wameipata kwa stoo.

— Na sauti? Musau akauliza.

— Sasa wataonyesha bila sauti, kwani ni picha ya pasipoti?

Musau alirudisha kikombe chake bila kunywa.

— Sasa tutajua ile sanduku ilikuwa na nini, Ndolo akasema, sindano mdomoni. Ile mzee alitoka nayo langoni akamwacha mama akilia. Mimi nasema ilikuwa na hati ya shamba. Alikuwa anaenda kuuza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni ni nani hapo? Kamanthe akauliza.

— Si huyo wa kununua.

— Aiee, Titus akasema. Hiyo ilikuwa nguo za bibi wa pili. Kumbuka vile aliibeba. Ilikuwa nyepesi.

— Kama ilikuwa nyepesi basi ilikuwa tupu, Ndolo akasema. Na mtu hawezi beba sanduku tupu kama hatumwi na serikali. Huyo mzee alikuwa mpelelezi. Mwaka wa themanini na sita, nani angethubutu kusema?

— Na mbwa je? Mbwa hakubweka.

— Mbwa alikuwa anajua.

— Mbwa alikuwa anajua nini? Mimi nakwambia yule hakuwa mzee wa hiyo boma. Alikuwa pacha yake.

— Asi, Mwenyekiti.

— Pacha. Mzee mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani ya sanduku.

— Ile nyepesi?

— Alikuwa amekonda.

Kamanthe alicheka mpaka akamwaga kahawa. Ndolo alisema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza kwa nini.

— Tumuulize Kaseti, Titus akasema. Kaseti, mama alisema nini pale langoni?

Kwa kawaida Musau angesimama, akashika lango lisilokuwepo, na sauti ya mwanamke ikamtoka mpaka wapita njia wakageuka. Leo alijibu akiwa amekaa.

— Alisema, "Ukirudi utanikuta hapa hapa."

— Umeona? Jumapili mje wote kwangu. Kaseti atakuwa anasema kabla mama hajafungua mdomo.

Ukweli ni kwamba Musau hakuwahi kusikia hata neno moja la Lango la Chuma. Runinga kijijini ilikuwa moja tu, ya babake Titus, Mzee Muthoka, nayo ilitumia betri ya lori. Na Mzee Muthoka alikuwa amekosana na babake Musau juu ya mkonge wa mpaka. Kila mmoja alisema mwenzake ameung'oa usiku na kuupanda upya hatua mbili mbele. Mzee Muthoka akaapa kwamba mguu wa nyumba ile hautakanyaga kwake. Kwa hiyo kila Jumapili Musau alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kwenye sukuma wiki, akatazama kupitia kioo cha dirisha lililofungwa. Picha alizipata. Maneno aliyatia mwenyewe njiani akirudi nyumbani, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, alitia mazuri.

Hilo la uongo wa kitoto lisingemuuma. Lililomuuma ni Mutheu. Alipomwoa alimsimulia mchezo wote, na Mutheu akayapenda yale maneno ya langoni. Kila Musau alipoondoka kurudi kazini Athi River, Mutheu alimsindikiza mpaka njiani akamwambia, ukirudi utanikuta hapa hapa. Alimwambia hivyo miaka ishirini na sita, mpaka alipofariki. Sasa kama Jumapili yule mama atasema tu usisahau kuleta sukari, Musau hakujua ayaweke wapi maneno ya mkewe. Aliogopa, na kuogopa kitu kidogo namna hiyo kulimtia aibu.

Hapo ndipo alipofika Shiku, msichana wa saiba ya pale juu, ile ya intaneti, kuchukua viatu vyake. Ulikuwa umebaki mguu mmoja, akakaa kungoja, akasikia ubishi ukizunguka tena kutoka kwa hati ya shamba mpaka kwa pacha.

— Kwani mliona hiyo kitu kwa nani? akauliza.

— Kwa baba yangu, Titus akasema. Watu kama arobaini. Mimi nilikuwa nakaa kwa mkono wa kiti ya mzee.

— Mimi chini, kwa gunia, Ndolo akasema. Na lazima uoshwe miguu kwanza, kwa karai, nje. Mamake Titus alikuwa anatusugua na jiwe.

— Na huyu mzee alikuwa anakaa wapi? Shiku akauliza, akimwangalia Musau.

Ndolo alianza kuhesabu kwa vidole wale wa kwenye gunia, akawapita mara mbili. Kamanthe alimtazama Titus. Titus alikuwa anatazama viatu.

— Dirishani, Musau akasema mwenyewe. Nje. Sikuwahi ingia.

— Wewe? Ndolo akasema. Kwa hivyo hukusikia?

— Hata moja.

— Nilikuwa najua, Titus akasema. Mzee alikuwa ananituma kila Jumapili, nenda ufunge pazia, kuna mtoto wa yule mtu huko nje. Nilikuwa nafunga nusu.

Musau alimgeukia. Miaka arobaini alijua kwamba pazia la Mzee Muthoka lilikuwa fupi, na zaidi ya mara moja alishawahi kulicheka mbele ya Mutheu, kwamba tajiri mzima ananunua kitambaa kisichotosha dirisha. Shukrani ilimjaa.

— Basi wewe ulisikia, akasema. Niambie. Yule mama alisema nini?

— Sijui.

— Titus.

— Kweli sijui. Mimi sikuwa naangalia TV. Nilikuwa naangalia baba, asigeuke akakuona.

Kamanthe aliinamia birika lake. Shiku alisahau kuuliza mguu wa pili wa kiatu.

— Jumapili kuja tu, Titus akasema. Utakaa mbele, rimoti ushike wewe. Mama akifika langoni na uone hutaki kusikia, zima sauti. Hakuna mtu atakuuliza.