Kimya Hakuwa Bubu

Dada yake marehemu hakutaka kuandika haya. Waliosoma wapo tele humu, wana kalamu na miwani, lakini wote walimgeukia yeye, bibi wa miaka sabini na moja aliyeishia darasa la tatu, wakamwambia wewe ndiye unayemjua. Ni kweli anamjua. Basi mtulie, na asitokee mtu wa kumsahihisha.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1954, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa pili na wa mwisho kwa mama yake. Mama alifariki mwaka 1963. Tangu hapo dada ndiye aliyekuwa mama, kwa kupiga pasi nguo za watu.

Alisoma hadi darasa la nane. Hakuwa mjinga. Tabu ilikuwa sauti: za wenzake zilipokuwa nzito, yake ilibaki nyembamba kama ya filimbi. Mwalimu akimwambia asome, darasa zima linalalia madawati kwa kicheko. Akazoea kufunga mdomo shuleni, na akifika nyumbani anayamwaga yote ya kutwa nzima, mpaka dada anamwambia, "Wewe mtoto, pumua!"

Mwaka 1972 dada alimtafutia kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi safi kabisa. Mwaka 1975 akaiacha, akaenda kwa watu wa filamu. Dada hakufoka. Aliacha kusema naye, miaka sita, ndani ya nyumba moja. Alikuwa akimwekea sahani mezani, anaisogeza taratibu kwa kidole kimoja, kisha anasimama mlangoni na kumtazama mpaka amalize. Na yeye kila jioni akiingia alikuwa akiuliza, "Dada, umekula?" Hakujibiwa hata mara moja.

Katika filamu yake ya kwanza alipewa maneno ya jambazi, kurasa mbili nzima. Alipofungua mdomo, mafundi wa taa walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwongozaji akasema, "Nyamaza tu, bwana. Simama mlangoni, mtazame." Akasimama. Halafu akasogeza kikombe kwa kidole kimoja. Hakuna aliyecheka tena. Kwenye mabango wakamwita Kimya, na ndilo jina lililochapwa kwenye ratiba mliyoshika.

Alicheza filamu kumi na saba bila neno. Akipita mtaani, akina mama walikuwa wakiingiza watoto ndani. Muuza mboga alimwonyesha bei kwa vidole miaka miwili, akidhani ni bubu, hadi siku marehemu aliposema, "Mama, nyanya hizi zimeoza." Yule mama alitoka mbio, akaacha meza na nyanya zake.

Tarehe 5 Desemba 1981 alimwoa mshonaji wa mavazi ya waigizaji. Asubuhi ya harusi dada alisema naye kwa mara ya kwanza: "Shati lako limekunjamana. Lete." Akalipiga pasi, bwana harusi amesimama kifua wazi, analia. Mwaka uliofuata dada alikwenda sinema. Jambazi aliposimama mlangoni, ukumbi mzima ulijikunyata. Dada hakuogopa, alijiona. Akamwuliza wifi yake, "Mimi huwa hivi?" Wifi akaendelea kutazama mbele.

Mwaka 2004 marehemu alimwendea mwongozaji yule yule, sasa ana kitambi na sifa. "Jambazi akifoka, unajua hasira yake imefika wapi," alimwambia. "Akinyamaza, hujui, na hofu unaijaza mwenyewe. Lakini akikuuliza kitu cha nyumbani, kwa upole, nawe unajua alichokuja kufanya? Nipe maneno mawili tu."

Alipewa. Alisimama mbele ya mjane wa kwenye filamu, akasema kwa sauti yake ile nyembamba, "Dada, umekula?" Mkewe alikuwepo, na anasema mpiga picha alisahau kuzima kamera, na yule mwigizaji aliomba maji.

Lakini mwongozaji aliogopa watu watacheka. Bila kumwambia, akamleta mtangazaji wa redio mwenye sauti ya kutoka ndani ya pipa, akaibandika juu ya midomo ya marehemu. Siku ya uzinduzi familia yote ilikaa mbele, marehemu kavaa suti. Ikafika pale. Mdomo wake ukafunguka, akasikika mtu mwingine. Na ukumbi ukacheka. Marehemu akasema, "Dada, twende." Hakuigiza tena.

Aprili 2016 koo lilianza kumkwaruza. Ilikuwa saratani. Tarehe 6 Juni 2017 madaktari waliondoa koromeo, na sauti ikaenda nalo. Akawa anaandika kwenye daftari. Kila jioni aliandika kitu kilekile, na dada, ambaye husoma kwa kufuata kidole, hapo hakuhitaji kidole. Alikuwa akijibu, "Nimekula, mdogo wangu." Lakini daftari halina sauti.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2018, saa nne asubuhi, wodini, mkewe na dada yake wakiwa pembeni. Gazeti liliandika ameondoka kama alivyoishi, kimya. Uongo mtupu. Alinyamazishwa, na wa kwanza humu kumnyamazisha ni dada huyu aliyekataa kumjibu miaka sita, aliyekaa hapa mbele kwenye kiti cha heshima cha wafiwa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Apumzike, ila asinyamazishwe tena.

Kwenye ratiba, chama cha waigizaji kimeweka dakika moja ya ukimya. Dada ameifuta. Dakika hiyo kila mmoja amgeukie jirani yake, amsimulie jambo moja marehemu alilomwambia, kwa sauti.

Nawe mwongozaji, uliyekaa safu ya pili na miwani myeusi: uliiambia familia kwamba kanda yenye sauti yake iko stoo kwako. Shada lako rudi nalo. Leo jioni leta kanda. Nyumba unaijua. Dada atakuwa hajala, anasubiri kuulizwa.