Lorraine Kubiak na Mtaa Uliojiandika Tajiri

Ijumaa tarehe 28 Juni, Bi Lorraine Kubiak wa Ofisi ya Maendeleo ya Jamii atarudisha funguo za Manispaa ya Marlow Falls baada ya kuutumikia mji huu kwa karibu miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa Septemba 1991, akapewa meza katika chumba kinachopakana na tanuri la kupashia jengo joto, na tangu siku hiyo amekuwa akivaa koti mezani na kulalamika kwamba ofisi ina baridi. Sisi tunaoingia mle na kutoka tukijipepea tuna maoni tofauti. Hatukuwahi kumshinda katika ubishi huo na hatutaanza leo.

Kwa walioajiriwa karibuni, kazi yake ni hii. Kila mwaka serikali kuu huupa mji wetu fungu la ruzuku ya maendeleo ya jamii, naye ndiye anayeandika mpango wa kulitumia. Sharti kubwa la fedha hizo ni kwamba ziwafae kwanza wenye kipato kidogo. Mpango ukishaandikwa hutangazwa gazetini, huwekwa maktaba mwezi mzima ili wananchi wausome, kisha hupelekwa kwenye ofisi ya serikali kuu iliyoko Milwaukee ukaguliwe. Katika miaka yote hii hatujampata mwananchi hata mmoja aliyeusoma hadi mwisho, na kuhusu Milwaukee pia tuna shaka zetu.

Mimi, mtu wa Idara ya Barabara, nilikuwa mwombaji wake sugu. Kila msimu wa majani kupukutika nilimpelekea ombi la lori jipya la kuondolea theluji, na kila mara alinirudishia kwa adabu.

“Vernon,” alikuwa akisema, “theluji inamwangukia daktari wa kule kilimani kama inavyomwangukia mama yangu. Niletee kitu kinachomwangukia mama yangu peke yake.”

Nilikuwa natoka pale nimenuna, na mwaka unaofuata narudi na ombi lile lile, nimebadilisha tarehe tu.

Sheria inataka pia pawe na mkutano wa hadhara ili wananchi watoe maoni. Sheria hiyo hiyo hairuhusu fedha za ruzuku zinunue hata biskuti. Kwa hiyo Lorraine alioka nyumbani kwake keki ya rabarbari, mmea wenye mashina machachu, akaileta, akiamini kwamba harufu yake itawavuta watu. Kwa miaka ya mwanzo ilimvuta mtu mmoja, Mzee Ray Dombeck, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, ambaye nyumbani kwake kulikuwa na runinga mbovu. Mwaka mmoja alipoulizwa kama ana maoni yoyote, Mzee Ray alisema anayo: keki ni chachu mno na inakwama kooni. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Lorraine aliandika. Mpango wa mwaka ule ulifika Milwaukee ukiwa na ukurasa unaosema kwamba mwananchi mmoja amelalamikia uchachu wa keki, na kwamba Manispaa imepokea maoni hayo na itaongeza sukari hali ikiruhusu.

Lakini jambo ambalo Lorraine atakumbukwa nalo ni mifereji ya Mtaa wa Chini, na hapo ndipo alipofanya kosa kubwa kuliko yote katika utumishi wake. Ameniomba nisilieleze. Nitalieleza.

Wakazi wa zamani wanaujua Mtaa wa Chini ulivyokuwa. Uko nyuma ya kiwanda, kando ya mto, na kila theluji ilipoyeyuka maji yalikosa pa kwenda yakaingia katika vyumba vya chini vya nyumba za watu. Yalizima matanuri ya joto, yakaozesha ngazi, yakaelesha viatu vya watoto. Mwaka 1993 kiwanda kilifungwa, na waliokuwa wakijikaza kununua pampu hawakuweza tena. Lorraine alizaliwa mtaa ule. Mama yake, Bibi Bernadine, alikuwa bado anaishi pale peke yake, mjane, na kila Machi alishuka na ndoo. Lorraine mwenyewe alikuwa ameshahamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mto na watoto wake watatu baada ya ndoa kuvunjika.

Lorraine akaamua kwamba ruzuku ya mwaka unaofuata ichimbe mifereji. Ili ichimbe, ilibidi ithibitike kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa mtaa ni wenye kipato kidogo. Takwimu za sensa zilikuwa zimepitwa na wakati, hazikujua kwamba kiwanda kimefungwa. Ilibidi watu waulizwe. Meya wa wakati huo, ambaye alikuwa na mchoro wa taa za barabarani za mtindo wa kizamani kwa ajili ya katikati ya mji, alimwambia Lorraine akishindwa kuthibitisha, fedha zitakwenda kwenye taa.

Hapo sasa. Kampuni moja ilijitolea kutuma wageni wakaulize. Lorraine akakataa. Akasema watu wa Mtaa wa Chini hawazungumzi na wageni, watazungumza naye yeye, wamemlea. Akatoka na ubao wake wa kuandikia akabisha mlango kwa mlango, akauliza majirani zake wa tangu utotoni wanapata kiasi gani kwa mwaka, wakiwa wamesimama barazani na jirani wa pili amenyamaza anasikiliza.

Majibu yalipojumlishwa, Mtaa wa Chini ulitokea kuwa mtaa tajiri kuliko yote katika Marlow Falls. Ulikipita hata kilima anakokaa daktari. Mzee Ray, aliyekuwa hana kazi tangu kiwanda kifungwe, alijiandikisha kipato cha mpasuaji wa moyo. Mwanamke mmoja aliyefua nguo za watu alisema ana hisa. Meya alisoma matokeo akacheka hadi akavua miwani, akauliza kama kuna nyumba inayouzwa kule.

Hakuna aliyesema uwongo kwa ubaya. Nani angemwambia mtoto wa Bernadine Kubiak, aliyezoea kuja mlangoni kwake kuomba peremende, kwamba mwezi huu hajalipa umeme? Lorraine alidhani kujulikana kutamsaidia, na ndiko kulikomponza. Na aliyeongoza kwa kujipandisha alikuwa Bibi Bernadine mwenyewe. Hatumsingizii, alijitangaza kanisani Jumapili ile mbele ya watu.

“Marehemu mume wangu hakuvuta karatasi kiwandani miaka yote ile ili mimi niandikwe maskini,” alisema. “Hizo pesa ni za wenye shida. Wapeni wenye shida.”

Lorraine alimuuliza kama maji yamepungua kule chini. Bibi Bernadine akamjibu kwamba maji ni mambo yake na ndoo yake.

Wiki ile nilimkuta Lorraine mezani, koti limefungwa hadi shingoni. Nilikuwa mgeni kazini, idara ya barabara, nimekwenda kumtania kuhusu mtaa wa matajiri. Nilimwona uso nikaacha. Alikuwa ameona mama yake akishuka na ndoo, na sasa mama huyo huyo ndiye aliyeufunga mlango. Aliniambia taa za Meya zitapendeza sana, na kwamba kule bondeni watakuwa wanaziona vizuri wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Baadaye akapiga simu Milwaukee. Ofisa wa huko, ambaye hatujawahi kumwona, alikubali kwamba matokeo yale hayaaminiki kwa sababu watu waliulizwa hadharani, akaruhusu yarudiwe mara moja tu, kwa siri, kwa bahasha zilizofungwa. Karatasi mpya haikuuliza mtu anapata nini. Ilionyesha jedwali lenye mstari wa kipato kulingana na idadi ya watu katika nyumba, nawe ukaweka alama uko juu yake au chini yake, basi. Lakini siri pekee isingetosha. Mtu anaweza kujidanganya hata ndani ya bahasha.

Kwa hiyo Lorraine alikwenda mahali ambapo Mtaa wa Chini wote ulikuwapo: ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Hedwig, Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga. Sahani zimeshapakuliwa, kabichi na mkate mweusi viko mezani, wazee wanagawa karata. Akaweka sanduku mlangoni, akapanda juu ya kiti. Nilikuwapo, maana samaki wa pale sijapata kuwakosa.

“Mnanijua tangu nikiwa kwenye nepi,” alisema. “Nina watoto watatu na mshahara wa Manispaa. Jana usiku nimejipima kwenye jedwali hili. Niko chini ya mstari. Mimi ndiye ninayeandika mpango, na mimi mwenyewe niko chini ya mstari. Anayetaka kunicheka anicheke sasa, kisha achukue bahasha.”

Nilimwangalia Bibi Bernadine, alikuwa ametazama sahani yake. Nadhani hakuwa akijua. Mtu anayefanya kazi ya ofisini, mwenye koti na ubao wa kuandikia, sote tulidhani anajiweza.

Mzee Ray ndiye aliyetuokoa. “Kumbe,” alisema, “ndiyo maana sukari ya keki haitoshi.”

Watu wakacheka, na Lorraine pia akacheka pale juu ya kiti huku akifuta macho. Kisha Bibi Bernadine akainuka, akapita katikati ya meza zote polepole kila mtu akimwona, akanyoosha mkono.

“Nipe hiyo karatasi,” alimwambia mwanawe. “Na wewe shuka ukae, samaki wako anapoa.”

Aliweka alama gani, hajasema mpaka leo na hatujauliza. Mtaa ulipita, tena kwa nafasi kubwa. Mifereji ilichimbwa kiangazi cha 1995, nami nilikuwa kwenye mashimo yale nikila vumbi. Machi iliyofuata nyumba zilikuwa kavu. Mzee Ray, Mungu amrehemu, aliweka meza ya biliadi katika chumba chake cha chini akaita watu waje kukanyaga sakafu.

Tangu hapo Lorraine hajawahi kumuuliza mtu kipato chake mlangoni. Wanaojiunga na ofisi yake huanza kwa kufundishwa kujipima wenyewe kwenye jedwali kabla hawajampima mwingine. Mikutano yake ya hadhara ikahamia ukumbi wa samaki, na siku hizi viti havitoshi, ingawa keki bado hubaki. Miteremko ya viti vya magurudumu kwenye pembe za barabara ni kazi yake, na lifti ya maktaba, na mapaa na matanuri ya nyumba nyingi ambazo wenyewe wanajijua. Alikosea pia: benchi lililoko Barabara ya Cedar, linalotazama ukuta, ni lake, na anasema ukuta ulijengwa baadaye. Si kweli.

Sasa nifikie jambo ambalo wenzake wamenituma kulisema.

Lorraine alirudi kuishi na mama yake Mtaa wa Chini miaka kumi na miwili iliyopita. Ngazi za mbele za nyumba ile zimekwisha. Nimekwenda kuziangalia kama mtu wa barabara: ya tatu haipo, ya nne inacheza, na mleta barua huacha barua kwa jirani. Bibi Bernadine, mwenye miaka tisini na mmoja, hutokea mlango wa jikoni na wakati wa baridi hupita juu ya barafu. Kwa miaka yote hiyo Lorraine ameidhinisha ngazi za watu wengine, na za kwake hakuweza kuzigusa, kwa sababu mtumishi wa ofisi ile haruhusiwi kufaidika na ruzuku akiwa kazini wala mwaka mmoja baada ya kuondoka. Hakuwahi kunung'unika.

Mwezi uliopita, kwenye chai, nilimwambia kwamba mwaka huo mmoja utakwisha, na kwamba nimempima. Watu wawili, nyumba moja, pensheni mbili ndogo. Wako chini ya mstari. Lorraine alishusha kikombe akanitazama kama ninayemletea ombi la lori.

“Vernon,” alisema, “hizo pesa ni za wenye shida.”

Nililisikia neno hilo mara ya kwanza mwaka 1994, na ninamjua aliyelisema. Kwa hiyo hatukubishana naye. Fomu ya maombi ya kutengeneza ngazi tumeitia katika bahasha, tukaandika juu yake tarehe ya kupelekwa, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka kazini, na hatukumpa Lorraine. Tumempa Bibi Bernadine. Aliisoma yote, akaiweka katika mkoba wake, akatuambia atamkalisha mwanawe mezani jikoni, na kwamba Lorraine asipoandika ukweli, kalamu ataishika yeye mwenyewe.

Kumuaga kutakuwa Ijumaa hiyo ya tarehe 28 Juni, saa kumi na moja na nusu jioni, ukumbi wa chini wa Mtakatifu Hedwig. Samaki wapo. Keki tumeagiza kwingine.

Lorraine, tunakushukuru kwa miguu mikavu ya mtaa mzima, na kwa kila mara uliyoninyima lori, maana ulikuwa sahihi na ilinikera. Ustaafu kwa raha, afya iwe tele na ofisi yako mpya, yaani jiko la mama yako, iwe na joto la kukutosha. Tunajua utataka kupanda kiti utoe hotuba. Usipande. Kaa chini, samaki wako anapoa.

Vernon Haase
Idara ya Barabara, kwa niaba ya wafanyakazi wote